Nani Alisaini? Hotuba ya Kaloleni kuhusu Matetemeko, Siasa na Nyumba Zetu

Hotuba hii niliitoa Kaloleni, Arusha, mbele ya mafundi ujenzi, wanachuo wa ufundi, wenyeviti wa mitaa na wapangaji. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale ambao hawakupata kufika.

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, wanangu wa chuo, akina mama mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, nawashukuru sana.

Naomba nianze na hizi mbili nilizoshika mkononi. Waliokaa nyuma wasogee mbele kidogo. Hizi ni ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo za wima ndani ya nguzo, nondo ya milimita 8, fundi yeyote humu ndani anazijua. Zimekatwa kutoka nondo moja, na ukizitazama haraka haraka utasema ni pacha. Sasa tazameni mikia. Hii ya kwanza mkia umekunjwa kwa kona ya mraba, umelala pembeni kama mkono uliowekwa juu ya meza. Hii ya pili mkia umekunjwa zaidi, nyuzi 135, umeingia ndani, unaelekea moyo wa nguzo. Siku za kawaida zote mbili zinabeba nyumba bila tatizo. Siku ardhi inapotikisika kwa nguvu, zege la nje ya nguzo hupasuka na kudondoka, na hii ringi ya kwanza inafunguka kama kifungo cha shati. Nondo za wima zinapinda kwenda nje, zege linamwagika, na ghorofa la juu linakaa juu ya la chini. Hii ya pili haifunguki, kwa sababu mkia wake umeshikwa na zege la katikati, na zege hilo bado lipo.

Tofauti yake ni kipande kidogo cha nondo na dakika moja ya kukunja. Nimewauliza mafundi wengi kwa nini tunakunja hii ya kwanza. Wananijibu kwa ukweli: ya pili inasumbua kuingiza, inachelewesha kazi, na mwenye nyumba analipa kwa nguzo, halipi kwa ringi. Zege likishamwagwa hakuna atakayeiona ringi tena. Nawaomba mlishike jibu hilo, maana yote nitakayosema leo kuhusu siasa na uchumi yamo humo: nani analipa, analipia nini, na nani ana nguvu ya kusema simamisha kazi kabla zege halijamwagwa.

Mwaka 2010 dunia ilipata mitihani miwili kwa karibu. Tarehe 12 Januari ardhi ilitikisika Haiti kwa ukubwa wa 7.0. Tarehe 27 Februari ikatikisika Chile kwa ukubwa wa 8.8. Masikioni tofauti ya namba hizo inaonekana ndogo, lakini vipimo vya matetemeko havipandi kama ngazi za nyumba. Kutoka 7.0 hadi 8.8 nguvu inayoachiliwa ni takriban mara 500. Sasa sikilizeni waliofariki. Chile, watu wapatao 525. Haiti, wanaokadiria kwa kiwango cha chini wanasema zaidi ya 100,000, na serikali yao yenyewe ilitaja zaidi ya 300,000. Hadi leo hesabu zinapishana kwa watu laki mbili. Fikirieni hilo, watu laki mbili ambao hatujui kama tuwahesabu au tusiwahesabu.

Nitakuwa mkweli kama fundi anavyopaswa kuwa. Kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa kilomita 25 hivi kutoka Port-au-Prince, mji uliojaa watu, na halikuwa chini sana ardhini. La Chile kitovu chake kilikuwa baharini. Hilo lina uzito. Lakini haliwezi kueleza pengo lote hilo, na kila aliyepita Port-au-Prince baada ya siku ile aliona sababu nyingine kwa macho yake: zege la rangi ya majivu linalovunjika mkononi, nondo laini zisizo na mikunjo ya kushika, nguzo nyembamba zilizobebeshwa sakafu nzito. Hata Ikulu ilianguka. Majengo ya wizara yakaanguka na watumishi waliokuwa ndani, yaani wale wale ambao wangetakiwa kuratibu uokoaji.

Haiti haikufika pale kwa uvivu wa watu wake. Ni watu waliovunja utumwa kwa mikono yao na kupata uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta meli za kivita bandarini na kuwadai fidia ya faranga milioni 150, fidia kwa ajili ya mali iliyopotea, na katika mali hiyo walihesabiwa watumwa wenyewe waliojikomboa. Kiasi kilipunguzwa baadaye, ila deni lile pamoja na mikopo iliyochukuliwa kulilipa havikuisha mpaka mwaka 1947. Zaidi ya miaka 120. Juu yake wakaja madikteta waliokula kilichobaki, kisha mashamba yakashindwa kumlisha mkulima, na watu wakamiminika mjini kujenga kwenye miteremko walikopata nafasi. Mtu aliyejenga pale kwa mchanga mbaya na mfuko mmoja wa saruji palipohitajika mitatu hakuwa mjinga. Alijenga kwa alichokuwa nacho, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia wala wa kumzuia.

Chile nako si peponi. Mwaka 1960 walipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na tangu hapo wameendelea kurekebisha kanuni zao za ujenzi kila linapotokea jingine. Lakini kanuni ziko nchi nyingi. Ninachotaka mkione cha Chile ni sheria yao moja: yule aliyejenga na kuliuza jengo kwa mara ya kwanza anawajibika kwa mifupa ya jengo hilo kwa miaka 10, hata kama limekwisha kuuzwa mara tatu. Mwaka ule wa 2010, katika jiji la Concepción, jengo moja jipya la ghorofa 15 lililoitwa Alto Río lilidondoka na kukatika, watu 8 wakafa. Waliohusika walifikishwa mahakamani. Watu 8 katika nchi iliyopigwa na 8.8, na bado ikaonekana ni aibu inayohitaji majibu. Pwani ya nchi hiyo hiyo tahadhari ya tsunami ilifutwa mapema wakati mawimbi yalikuwa bado yanakuja, na watu zaidi ya 100 wakachukuliwa na maji. Na huko pia maofisa walishtakiwa.

Najua kuna mwenzangu hapa anasema moyoni, Chile wana shaba, wana fedha, sisi je? Basi twende Uturuki, ambako fedha zipo na wahandisi wapo, wazuri kabisa. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko la Izmit liliua zaidi ya watu 17,000. Baada ya hapo sheria za ujenzi zilikazwa. Kwenye karatasi zilikuwa nzuri kuliko za nchi nyingi. Kisha mwaka 2018, uchaguzi ukiwa unakaribia, ukatolewa msamaha wa ujenzi: mwenye jengo lililojengwa kinyume cha sheria alilipa ada, akapewa cheti, jengo likawa halali. Walioomba walihesabika kwa mamilioni. Ada iliingia hazina, kura zikapigwa, na hakuna nguzo hata moja iliyoongezewa ringi kwa sababu ya cheti kile. Tarehe 6 Februari 2023 alfajiri ardhi ikatikisika kwa 7.8, na mchana wa siku hiyo hiyo kwa 7.5. Uturuki peke yake walikufa zaidi ya watu 53,000, na Syria maelfu wengine.

Katika mkoa wa Hatay, ambao ulivunjwa vibaya, kuna mji mdogo unaoitwa Erzin. Hakuna jengo lililoanguka huko, wala mtu aliyekufa. Meya wake alisema hakuruhusu ujenzi haramu, hata ndugu na marafiki walipomlaumu. Wataalamu waliongeza kwamba ardhi ya mahali pale nayo ilisaidia, na mimi naamini yote mawili. Ila ardhi ya Erzin haikuchaguliwa kwa kura. Meya alichaguliwa, na alikuwa na wapiga kura wale wale wenye haraka ya kujenga kama walivyo wapiga kura wa kila mahali.

Wapo pia wanaosema dawa ni serikali kushika kila kitu, kusiwe na mjenzi wa faida hata mmoja. Tarehe 7 Desemba 1988 huko Armenia, wakati ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, tetemeko la 6.8 liliua watu wasiopungua 25,000. Magorofa ya vipande vya kiwandani, yaliyojengwa na serikali na kukaguliwa na serikali, yaliporomoka na wakazi wake, na hospitali zikawafunika madaktari wake. Gorbachev, kiongozi wa Umoja huo, alikuwa New York siku hiyo, akakatisha ziara. Mwaka uliofuata, Oktoba 1989, California ilipigwa na la 6.9, wakafa 63. Mpango wa viwanda vya Kisovieti ulidai idadi ya nyumba kwa mwaka, na idadi ilitimia. Nani angethubutu kuandika kwenye ripoti kwamba zege ni bovu?

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni ubepari au ujamaa unaookoa watu, nampa mfano wa shule. China, mkoa wa Sichuan, tarehe 12 Mei 2008, saa 8 na nusu mchana, watoto wakiwa darasani. Waliokufa au kupotea ni 87,000 hivi, na kati yao wanafunzi zaidi ya 5,000 kwa hesabu ya serikali. Madarasa yalianguka huku majengo ya jirani yakisimama. Wazazi waliliita zege lile kwa jina la tofu, chakula laini kama jibini, na waliodai majibu walinyamazishwa, wengine wakakamatwa. Lakini katika mji wa Sangzao palikuwa na mkuu wa shule aliyeitwa Ye Zhiping. Jengo moja la shule yake lilijengwa vibaya kiasi kwamba alikuwa na hofu nalo. Kwa miaka mingi alikwenda kwenye ofisi za elimu za wilaya kuomba fedha, kidogo kidogo, akaimarisha nguzo, akaziba mapengo kwa zege. Kila muhula akawafanyisha watoto zoezi la kutoka: darasa hili mlango huu, wa mbele watangulie, walimu wasimame kwenye kona za ngazi. Siku ile wanafunzi 2,300 hivi walitoka wote wakiwa hai, kwa dakika moja na sekunde 36.

Mfumo wa nchi ni ule ule, mkoa ule ule, hazina ile ile. Namheshimu sana mwalimu yule, na bado habari yake inaniumiza. Nchi ambayo mtoto anapona kwa sababu tu mkuu wa shule yake alikuwa mkaidi ni nchi iliyowaacha watoto wote ambao wakuu wao walikuwa watu wa kawaida kama mimi.

Mwaka 2011 wanasayansi wawili, Nicholas Ambraseys na Roger Bilham, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya miaka 30 ya matetemeko. Asilimia 83 ya vifo vilivyotokana na majengo kuanguka vilitokea katika nchi ambazo rushwa yake ni kubwa kuliko umaskini wake unavyoweza kueleza. Ni kweli umaskini unaua, walisema hivyo wenyewe. Lakini mbili zikilingana kwa umaskini, inayokula rushwa zaidi ndiyo inayozika zaidi.

Sasa turudi nyumbani.

Arusha tunajidanganya kwamba matetemeko ni habari ya Wajapani. Bonde la Ufa linapita pale Mto wa Mbu, mnaliona mkienda Karatu. Linapanda Engaruka mpaka Natron. Julai 2007 mlima Gelai ulitikisika siku nyingi mfululizo kwa sababu uji wa volkano ulikuwa unapenya chini kwa chini, na lile kubwa la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, lilisikika mpaka Nairobi, watu wakatoka maofisini mbio. Wengi humu mnakumbuka. Wiki chache baadaye Oldoinyo Lengai ukaanza kulipuka. Huko Rukwa, Desemba 1910, lilipita la 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Wakati ule nyumba nyingi za upande ule zilikuwa za miti na nyasi, na nyumba ya nyasi ikikuangukia unaweza kutoka. Leo Sumbawanga ni matofali na bati, kama Ngarenaro, kama Sombetini, kama Pasua kule Moshi.

Kagera tumeshaonjeshwa. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la 5.9 liliua watu 17 na kujeruhi mamia. Nilikwenda Bukoba wiki ya pili na wenzangu wanne kusaidia kukagua nyumba, wala hatukuwa na kitu zaidi ya nyundo, tochi na chaki ya kuandikia mlangoni. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa anapika ndizi nje, chini ya turubai. Akaniuliza, "Mwanangu, hii inalalika?" Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa wakati mgonjwa anasikia. Nikaingia. Ukuta wa pembetatu wa juu, ule unaoshika paa upande wa mwisho, ulikuwa umeangukia ndani, juu ya kitanda cha mjukuu. Ilikuwa mchana, mtoto alikuwa anacheza nje. Nikachukua udongo uliounga matofali, nikausugua kwa vidole viwili, ukawa unga. Ile ilikuwa nyumba ya miaka mingi, chumba baada ya chumba, kila chumba na mwaka wake wa kahawa nzuri. Kisha bei ya kahawa ikashuka, mnyauko ukaingia kwenye migomba, ujenzi ukasimama kabla ya kufika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha.

Hatua 30 kutoka pale palikuwa na nyumba nyingine, ardhi moja, mteremko mmoja. Hiyo ilikuwa na lenta. Ilipata nyufa za kidole kwenye kona za madirisha, basi. Watoto wa nyumba ile wanafanya kazi Mwanza na walituma fedha. Nilisimama katikati ya zile nyumba mbili nikashindwa kumwambia bibi kwamba tetemeko ndilo lililomvunjia nyumba. Nilimwambia tu, "Hapana mama, hii hailaliki." Akashukuru, akanipa ndizi.

Majengo ya umma yalipata wa kuyajenga. Sekondari ya Ihungo, iliyoharibika vibaya, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na ni jambo jema. Nyumba za watu, kwa sehemu kubwa, zilirudi mikononi mwa wenyewe, na wenyewe wakajenga tena kwa alichokuwa nacho kila mtu. Nyumba nyingi nchini kwetu zinajengwa hivyo, bila mkopo wa benki, mfuko wa saruji ukinunuliwa mshahara ukitoka, na nondo mbili leo, mbili Krismasi. Kwa hiyo anayesema tutunge tu sheria kali, namwomba aje anieleze atamfanyaje bibi yule. Atamtoza faini?

Mjini ni habari nyingine. Mjini kuna fedha. Tarehe 29 Machi 2013, Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 likiwa bado linajengwa lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka na wafanyabiashara ndani, na waliokufa walizidi 20. Ardhi haikutikisika siku hizo hata kidogo. Jengo lililoanguka lenyewe katika siku tulivu, mtalitarajia lifanye nini siku ya 5.9?

Hapa tulipo, Kaloleni, kuna makumbusho ya Azimio la Arusha. Februari 1967, Azimio lile liliweka masharti ya uongozi, na moja nililikariri shuleni: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Sikuja kuyarudisha, nchi imebadilika na watu wanahitaji nyumba za kupanga. Lakini waliotunga sharti lile walikuwa wameona kitu ambacho mimi nimekiona kwenye saiti kwa miaka 30. Anayesaini kibali, anayekagua nguzo na anayepokea kodi wakiwa mtu mmoja, au mtu na shemeji yake, hakuna ringi itakayokunjwa nyuzi 135. Tuliondoa sharti, na hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Nina neno langu mwenyewe la kusema, na nimechelewa kulisema. Katikati ya miaka ya 1990 fedha za tanzanite ya Mererani zilikuwa zinapandisha maghorofa hapa mjini. Nilikuwa kijana, msimamizi wa saiti, nina cheti kipya na mtoto wa miezi mitatu. Ramani ilisema ringi kila sentimita 15 kwenye vichwa vya nguzo, pale nguzo inapokutana na bimu, yaani boriti ya zege iliyolala, mahali ambapo tetemeko hupiga kwa nguvu zaidi. Nikapanda ngazi na futi yangu ya chuma. Zilikuwa kila 30, kwingine 35. Nikamwambia fundi mkuu, naye akanielekeza kwa mtu wa mwenye jengo. Yule bwana hakunikasirikia hata kidogo. Alinishika bega akasema, "Bwana mdogo, ramani haijengi, hela ndiyo inayojenga. Simenti imeshafika, vibarua wameshafika." Mkaguzi hakutokea siku ile. Nikasaini. Zege likamwagwa siku hiyo, likasawazishwa vizuri, na jioni tukala pilau ya kumalizia kazi.

Jengo lipo. Chini kuna maduka, juu watu wamepanga. Nikipita nahesabu madirisha yenye mapazia ya watoto. Mwaka jana nilikwenda kwa mmiliki wa sasa, ambaye hakulijenga yeye, nikamweleza kila nguzo ninayoikumbuka na kumwambia kwamba nguzo inaweza kuvishwa koti jipya la nondo na zege bila kulibomoa jengo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Bado nasubiri jibu lake, na nitarudi tena.

Mnajua kwa nini sikukataa siku ile? Nilikuwa peke yangu. Ningekataa, ningefukuzwa saa 4, na saa 5 wangemleta mwingine mwenye mtoto kama wangu. Mkulima mmoja wa kahawa kule Kilimanjaro naye alikuwa hivyo mbele ya mnunuzi, mpaka Wachagga wakaunda chama chao mwaka 1925, na kutoka humo ikaja KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, mwaka 1933. Hawakusubiri mnunuzi apate huruma. Walikubaliana kuuza pamoja.

Mafundi wenzangu, ndicho ninachowaomba. Kila kata iwe na umoja wa mafundi wenye makubaliano mawili tu ya kuanzia: hakuna fundi wetu anayefunga ringi ya kona ya mraba, na hakuna anayemwaga zege la nguzo kabla mwenzake wa saiti nyingine hajaja kuitazama na kuipiga picha. Bei ya ringi iandikwe kwenye makubaliano ya kazi, isifichwe ndani ya bei ya nguzo. Mwenye nyumba akimfukuza mmoja, asipate wa pili. Wenyeviti, kwenye mtaa wenu mna daftari la wakazi. Wekeni na daftari la majengo, jina la aliyechora, aliyesimamia, aliyesaini, na lisomwe kwenye mkutano wa mtaa. Wapangaji wa Unga Limited na Kijenge, mnalipa kodi ya miezi sita mbele. Kabla ya kuhesabu noti hizo, ulizeni daftari linasemaje. Kamati za ujenzi za shule, mnaosimamia madarasa yanayojengwa na mafundi wa kijiji, ninyi ndio mlio karibu zaidi na watoto, na futi ya chuma haina gharama. Na kwa akina bibi, ambao tatizo lao ni lenta, halmashauri zetu na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kuanza na mkopo wa lenta. Si nyumba nzima, mkanda mmoja tu wa zege juu ya madirisha, na fundi wa kata akiusimamia.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kukubali kwamba daftari la kwanza litaanzia kwako, na kwamba majengo yako mwenyewe yataandikwa ukurasa wa kwanza. Umesema mbele ya watu, nami nimeandika tarehe.

Sasa naomba tutoke nje. Chini ya ule mti nimeweka nondo, mbao yenye misumari ya kukunjia, na nguzo mbili fupi nilizomwaga mwezi uliopita, moja kwa ringi hii na moja kwa ile. Kuna nyundo kubwa mbili. Wanachuo waanze kukunja, wazee wakae kivulini, na anayetaka kujaribu kuzivunja zile nguzo avue koti.